Ukuta Unaomngoja Mbu

Wanangu, tuingie chumbani kwanza. Ni saa nane za usiku na kijiji kimelala. Tuseme nyumba iko Micheweni, kaskazini mwa Pemba: kuta za udongo, paa la makuti, na baina ya ukuta na paa uwazi unaopitisha upepo. Katika uwazi huo anapita mbu. Ni jike. Dume hana haja na damu. Hunyonya utamu wa maua akaridhika. Jike naye hula utamu wa maua, lakini tumboni ana mayai, na mayai yake hayakomai bila damu.

Anafuata pumzi na harufu ya waliolala. Kuna mguu umetoka nje ya chandarua. Anatua, anachoma, ananyonya, na mwenye mguu hata hageuki. Dakika chache baadaye tumbo la mbu limejaa, limekuwa jekundu, na damu aliyobeba inakaribia uzito wa mwili wake mwenyewe, pengine inauzidi.

Sasa tegeni sikio, maana kisa chote kinasimama hapa. Mbu mwenye mzigo wa namna ile haruki mbali. Anatafuta pa kutua papo hapo: ukutani, nyuma ya kabati, uvunguni mwa kitanda, juu kwenye boriti. Anakaa mshazari, kichwa kimeelekea ukutani na mkia umeinuka. Ukimwona amekaa hivyo, ujue ni anofelesi, mbu anayebeba malaria. Hapo anaanza kuichuja ile damu, maji anayatoa, kilicho bora anabaki nacho. Atapumzika saa nyingi, mara nyingi mpaka usiku wa kesho yake.

Watu wa kupiga dawa hawamfuati mbu mguuni kwako. Wanamngoja pale ukutani.

Mtoto anayefikiri ataniuliza mara moja: kama mbu ameshaniuma, dawa ya ukutani inanifaa nini tena? Ni swali la haki. Watu wazima wengi wanalo moyoni na hawalitamki, na wengine ndilo linalowafanya wafunge mlango wapulizaji wanapobisha hodi. Jibu lake limo tumboni mwa mbu.

Tarehe 20 Agosti 1897, katika mji wa Secunderabad huko India, daktari wa jeshi aitwaye Ronald Ross alimpasua mbu aliyemnyonya mgonjwa wa malaria siku chache kabla. Alipotazama kwa hadubini, aliona vivimbe kwenye ukuta wa tumbo la mbu, na ndani yake chembe nyeusi. Vile vilikuwa vimelea vya malaria vinakua. Mwaka 1902 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Mbu hazaliwi na malaria, wanangu. Anaipata kwa mtu mgonjwa. Na hata akishaipata, hawezi kumwambukiza mtu siku ile, wala kesho, wala keshokutwa. Lazima vimelea vikue tumboni mwake, viongezeke, kisha visafiri mpaka kwenye tezi za mate. Katika joto la pwani yetu safari hiyo huchukua siku 10 hadi 12 hivi. Muda wote huo mbu anaendelea na maisha yake: ananyonya, anapumzika ukutani, siku mbili tatu zikipita anakwenda kutaga mayai majini, kisha anarudi kutafuta damu nyingine. Mpaka siku mate yake yatakapokuwa na vimelea, ameshapumzika kwenye kuta za watu mara tatu au nne.

Hebu tufanye hesabu. Tuseme mbu 16 wamemnyonya mgonjwa, na kila wakitua ukutani dawa inaua nusu yao. Mara ya kwanza wanabaki 8. Mara ya pili 4. Mara ya tatu 2. Mara ya nne 1. Katika wote 16, mmoja tu ndiye anayefika siku ya kuambukiza. Na dawa ikiwa bado mpya, haiui nusu tu, inaua zaidi. Katika miaka ya 1950 Mwingereza George Macdonald alifanya hesabu ndefu kuliko hii yetu, akaonyesha kwamba ukifupisha umri wa mbu, hata kwa siku chache, malaria hupungua kuliko ukihangaika na wingi wao peke yake.

Kwa hiyo yule mbu aliyekuuma jana akafia ukutani kwenu, faida yake kubwa si yako. Ameondolewa mtu wa nyumba ya tatu, ambaye angeumwa naye juma lijalo. Na wewe unakingwa na ukuta wa jirani yako, ambao pengine hujawahi hata kuugusa. Hili ndilo ninalotaka mlishike kuliko yote nitakayosema leo. Chandarua kinamkinga aliyelala ndani yake kwanza. Ukuta uliopigwa dawa unawakinga wengine, nao wanakukinga wewe. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linataka zipigwe nyumba zisizopungua 85 katika kila nyumba 100. Nyumba zikikataa nyingi, hata waliokubali hawapati kinga kamili.

Sasa tuione kazi yenyewe. Zanzibar kwa kawaida hufanyika kabla ya masika, ili mvua zikianza na viluwiluwi vikijaa kwenye madimbwi, kuta ziwe tayari. Sheha hupewa taarifa, naye huzifikisha nyumba kwa nyumba, skuli na msikitini. Siku ikifika, nyumba hutolewa nje: ndoo za maji, unga, sufuria, mikeka, nguo, magodoro. Kabati lisilobebeka husogezwa katikati ya chumba, likafunikwa turubai. Kuku hufungiwa na mbuzi hufungwa mbali. Kukiwa na mgonjwa asiyeweza kutolewa kitandani, chumba chake hakipigwi.

Mpulizaji anaingia amevaa ovaroli, buti, glavu ndefu, barakoa, na kofia yenye kioo cha kukinga uso. Begani ana bomba la chuma lililojaa dawa iliyochanganywa na maji, ambalo amelijaza upepo kwa kulisukuma kwa mkono mpaka mshale wa kipimo ukafika panapotakiwa. Mtazameni mkono wake. Ncha ya bomba iko sentimita 45 kutoka ukutani, haisogei karibu wala haiendi mbali. Anaanza juu, anashuka taratibu mpaka chini, anasogea pembeni, anapanda tena kutoka chini kwenda juu. Kila mstari una upana wa sentimita 75, na unaupanda ule uliotangulia kwa sentimita 5, ili usibaki hata mwanya mbu anaoweza kutua kwa salama. Ukuta wa mita mbili humchukua sekunde nne na nusu. Akienda mbio, dawa inakuwa nyembamba na mbu anapona. Akichelewa, dawa inatiririka hadi sakafuni na kupotea bure.

Mnadhani mwendo huo anauotea? Kabla ya kupewa dawa, wapulizaji hufunzwa kwa maji matupu. Ukuta huchorwa mistari kwa chaki, nao hupita mbele yake na bomba huku wakihesabu sekunde, tena na tena, mpaka mkono uuzoee mwendo. Mimi nawaheshimu sana watu hawa. Kuvaa mavazi yale kwenye jua la Februari na kubeba bomba lile nyumba hadi nyumba kutwa nzima si kazi ndogo.

Wakimaliza, milango na madirisha hufungwa, na watu hukaa nje saa mbili. Kisha nyumba hufunguliwa ipate hewa nusu saa, sakafu ikafagiwa na kupigwa deki kabla watoto na wanyama hawajaruhusiwa kuingia. Mtakuta mende wamelala chali, mchwa, buibui, na mbu bila shaka. Wote hufagiwa wakatupwa chooni au kufukiwa shimoni, kuku wasije wakawadonoa.

Maji yaliyopulizwa yanakauka, dawa inabaki. Ndiyo maana wataalamu wanaiita dawa ya ukoko, kwani hushika ukutani kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Hamuioni, na kwa kawaida hamsikii harufu baada ya siku chache, lakini ipo. Mbu akitua, dawa inampanda miguuni, inaingia mwilini na kuivuruga mishipa yake ya fahamu. Miguu inatetemeka, mabawa hayamtii, anaanguka.

Je, na sisi itatudhuru? Dawa hizi huchaguliwa kwa kupimwa sana, na kiasi kinachobaki ukutani ni kidogo mno kwa mwili wa mtu. Lakini ni sumu, na sumu haichezewi. Ndiyo maana chakula na maji hutolewa nje kwanza, ndiyo maana mpulizaji amejifunika mwili mzima, na ndiyo maana mtoto hakwaruzi kuta wala hazilambi. Ikikuwasha ngozi, osha kwa sabuni na maji mengi. Ikiingia machoni, suuza kwa maji safi kwa muda mrefu. Ukijisikia vibaya, mwambie mkubwa akupeleke kituo cha afya.

Kisha kuna ombi ambalo watu hulipokea kwa shida: kwa miezi sita msizioshe kuta, msizikandike upya, msizipake chokaa. Najua uzito wake, hasa Idi ikikaribia, wakati kila nyumba inataka kung'aa. Lakini chokaa mpya inaifunika dawa, na zipo dawa ambazo chokaa huziharibu kabisa. Anayetaka kupaka, apake kabla ya wapulizaji kufika.

Aina ya ukuta nayo ina neno lake. Udongo hunyonya dawa ikazama ndani, mbu asiikanyage. Ukuta uliopakwa rangi huishika juu kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo wataalamu hawaamini kwa macho. Miezi ikipita hurudi kwenye baadhi ya nyumba na vikoni vidogo vya plastiki vinavyoonyesha ndani, wakavibandika ukutani, na kutia mbu hai ndani yake. Mbu hukaa juu ya dawa dakika 30, kisha huhamishiwa kwenye kikombe chenye maji ya sukari, wakahesabiwa kesho yake, wangapi wamekufa na wangapi wanaruka. Hesabu ya wafu ikianza kushuka, ukuta unakaribia kuisha nguvu.

Hapa Afrika Mashariki hadithi ya dawa hizi ina ua ndani yake. Pareto, lile ua jeupe linalolimwa katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania, lina dawa inayoua wadudu. Zamani ilipulizwa ndani ya nyumba, na mbu walikufa kweli. Tatizo ni kwamba haidumu, hasa ikipigwa na mwanga, kwa hiyo ilibidi kupuliza mara kwa mara, na hakuna kijiji kinachoweza kazi hiyo mwaka mzima. Mwaka 1939 Mswisi Paul Müller aligundua kwamba DDT, kemikali iliyotengenezwa tangu 1874 na kusahauliwa, inaua wadudu na kudumu kwa miezi. Mwaka 1948 naye alipewa Nobel. Kudumu huko kulikuwa neema ukutani na balaa shambani, kwa sababu ilipomwagwa ovyo kwenye mazao ilikaa ardhini na kuingia katika miili ya samaki na ndege. Leo mkataba wa kimataifa uliopitishwa Stockholm mwaka 2001 unairuhusu tu kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa.

Kati ya 1955 na 1959, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, katika eneo la Pare na Taveta, nyumba za vijiji vingi zilipigwa dawa nyingine iitwayo dieldrini. Mbu aina ya funestasi, aliyezoea mno kukaa ndani ya nyumba, karibu atoweke kabisa eneo lile. Kazi iliposimama, akarudi polepole.

Unguja na Pemba zilianza kupigwa dawa katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1950. Nyumba zilipigwa mwaka baada ya mwaka, na malaria, iliyokuwa ya kila nyumba, ilishuka mpaka chini ya watu 10 katika kila watu 100. Wapo wazee visiwani ambao utoto wao ulikuwa katika miaka ile. Halafu, mwaka 1968, kazi ikasimamishwa. Ugonjwa ulionekana umekwisha makali. Lakini haukuwa umekwisha; ulikuwa umebaki kidogo kwa watu wachache, na mbu walikuwa bado wapo. Kuta zikaisha nguvu moja moja, na malaria ikapanda tena hadi ilipokuwa mwanzo. Hapa moyo huniuma kila nikisimulia, kwa sababu waliolipa ni watoto waliozaliwa baadaye, wasiojua hata kwamba ugonjwa ule ulikuwa umebakia kidogo tu kwisha. Degedege likarudi kuwa neno la kila siku katika nyumba za watu. Katika miaka ya 1980 jaribio jingine lilifanyika, nalo likafifia.

Safari iliyofika mbali ilianza baada ya mwaka 2000. Mwaka 2003 Zanzibar ilibadili dawa ya kutibu, ikachukua dawa ya mseto. Vyandarua vyenye dawa vikagawiwa kwa wingi. Na mwaka 2006, kwa msaada wa Marekani, wapulizaji wakaingia karibu kila nyumba ya Unguja na Pemba, zaidi ya nyumba 9 katika kila 10. Miaka michache tu ikapita, walipopimwa watu, waliokutwa na vimelea hawakufika hata 1 katika kila 100. Wodi za watoto ambazo zilikuwa na wagonjwa wawili wawili kitandani zikapata nafasi. Sijui ushindi mwingine wa afya visiwani uliokuja kwa haraka namna ile.

Mbu nao hawakukaa kimya. Dawa ya kwanza iliyotumika mwaka 2006 ilikuwa ya kundi la pairethroidi, kemikali zilizotengenezwa kwa kuiga ile dawa ya pareto. Kundi hilohilo ndilo lililokuwa kwenye vyandarua. Mbu anayezaliwa na mwili unaoweza kuivunja sumu hiyo, hata kama ni mmoja katika maelfu, anapona pale ambapo wenzake wote wanakufa, na watoto wake wanarithi. Mwaka baada ya mwaka, wanaobaki kuzaa ni wale wagumu. Vipimo ndivyo vilivyotoa habari: Pemba mbu walikuwa wakitolewa kwenye dawa wakiwa hai. Wataalamu wakahama, wakachukua dawa ya kundi jingine iitwayo bendiokabu, kisha baada ya miaka michache wakahamia Actellic, nayo ya kundi la tatu. Siku hizi kanuni ni kubadilisha kabla mbu hawajazoea, na dawa ya ukutani isiwe ndugu wa dawa ya chandarua.

Lipo jambo ambalo dawa ya ukuta haiwezi, na sitawaficha. Inamuua mbu anayepumzika ndani. Visiwani, wale wa kukaa ndani walipopungua, waliobaki wengi ni aina ya arabiensisi, na huyu huuma nje pia, jioni watu wakiwa barazani, akapumzika kwenye vichaka au zizini kwa ng'ombe. Kwake ukuta hauna habari. Isitoshe, watu husafiri kwa boti kila siku kwenda na kurudi bara, na msafiri anaweza kurudi na vimelea ndani ya damu bila kujijua.

Kwa hiyo nyumba zote hazipigwi tena kila mwaka kama 2006. Mtu akipimwa kituo cha afya akakutwa na malaria, taarifa hutumwa kwa simu, na afisa wa malaria wa wilaya hupanda pikipiki kwenda nyumbani kwa mgonjwa, akawapima wote wanaoishi naye na kuuliza nani amesafiri hivi karibuni. Atatazama kama vyandarua vinatumika, na kama kuna madimbwi karibu. Majibu hayo huandikwa kwa kila shehia. Kabla ya masika huwekwa mezani, shehia zenye wagonjwa wengi zikachaguliwa, na huko ndiko magari yenye mabomba yanakopelekwa. Ukipata homa ukaenda kupimwa siku ileile badala ya kumeza kidonge cha dukani, nawe umo katika hesabu inayoamua kuta zipi zipigwe mwaka huu.